Rekoda ya Yokohama, Betri za Masanja

Jumamosi iliyopita, rafiki zangu, mliniuliza kwa nini rekoda yangu imefunikwa kitambaa cha kufuma na haijaimba hata wimbo mmoja, nami nikawajibu kwamba imeungua. Ni kweli, imeungua. Lakini mlinitazama kama watu waliopewa chai bila sukari, nikajua hamjaridhika. Naandika haya ili mnapokuja tena msiniulize mmoja mmoja.

Habari za barua na forodha sitazisimulia, zinachosha hata aliyezipitia. Mjue tu kwamba rekoda ya namna ile niliiona kwanza katika dirisha la duka hapa Iringa, na bei yake ingenilazimu kuishi bila kula hadi uzeeni. Rafiki yangu wa shule, Ambakisye wa Mbeya, ana kaka aliye baharia, anaitwa Asajile. Asajile aliandika kwamba katika bandari ya Yokohama vitu hivyo vinauzwa chini ya nusu ya bei ya huku. Nikauza baiskeli, nikamtumia hela, naye akainunua na kuifikisha kwao Mbeya.

Mlidhani naitaka kwa muziki, na mimi niliwaacha mdhani hivyo. Kweli yenyewe ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kitanda changu. Baba yangu alipokuwa mgonjwa kule Igowole, mchungaji mmoja wa kizungu, aliyekuwa akizunguka vijijini kurekodi kwaya, alimkalisha mbele ya mashine yake akamwambia aniachie neno. Tulikuwa hatusemezani, baba na mimi. Aliwahi kusema kuwa mtu anayeandika mambo yasiyotokea ni mwongo mwenye karatasi, nami nikaondoka bila kuaga, Krismasi mbili zikapita. Taarifa ya ugonjwa ilinifikia pamoja na ya kifo. Nilifika Igowole siku moja baada ya maziko. Mchungaji alinipa mkanda, akasema, "Baba yako yumo humu." Mwezi uliofuata alirudi kwao na mashine yake.

Ningeweza kutafuta mtu mwenye mashine, najua. Sikutaka mtu yeyote asikie kabla yangu, wala pamoja nami. Nilitaka chumba, mlango uliofungwa, na sauti ile. Kwa hiyo niliagiza mashine kutoka ng'ambo ya dunia ili niwe peke yangu na mtu wa Igowole.

Mlandege hadi Makambako

Niliondoka Mlandege, mtaani kwangu hapa Iringa, asubuhi, baridi ikiwa bado imelala juu ya mabati. Nilivaa koti langu la pekee na kupakata mkebe wa biskuti. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Njombe, mnene, mchangamfu, na kikapu cha viazi kati ya miguu yake. Alinipima kwa macho tangu kituoni hadi Ifunda.

"Unakwenda kujitambulisha ukweni," alisema. Hakuwa anauliza.

"Hapana, mama. Nakwenda kuchukua mzigo."

"Ndiyo. Wote wanasema mzigo." Akaugonga mkebe kwa kidole. "Na biskuti umewachukulia. Umefanya vizuri. Ukifika usikae kabla hujaambiwa."

Nilieleza tena. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini kuwa naona haya. Alinipa viazi viwili vya kuchemsha na chumvi ndani ya kipande cha gazeti, akanifundisha namna ya kujibu iwapo baba wa msichana atauliza kazi yangu. "Usiseme unaandika. Sema karani."

Tulipita Mafinga. Pale ndipo njia ya Igowole inapoachana na barabara kuu na kuingia katika miti. Niligeuza uso upande wa pili, nikasoma tangazo la sabuni hadi likaisha. Labda yule mama aliona kitu usoni mwangu, maana aliniongezea kiazi cha tatu.

Makambako upepo ulikuwa unavuma kama unadai kitu chake. Mama wa Njombe aliteremka hapo. Nilimtazama akienda na kikapu chake, sikujua hata jina lake, na kiti kilichobaki wazi kando yangu kikaonekana kipana mno.

Makambako hadi Mbeya

Sehemu hii basi lilisimama mara tatu, mara mbili kwa pancha na mara moja kwa sababu kondakta alimwona shangazi yake. Tuliteremka kutoka baridi hadi joto la bonde la Usangu, tambarare isiyo na mwisho, ng'ombe wameenea kama vivuli vya mawingu. Nilikuwa nimeandika kuhusu upweke katika kurasa zangu zote, ninyi mnajua, mmenicheka kwa hilo. Siku ile niliona kuwa niliuandika vibaya. Nilidhani ni mtu anayelia dirishani. Kumbe ni abiria arobaini wanaongea, na wewe unahesabu nguzo za simu.

Ambakisye alinipokea Mbeya jioni, mlima Loleza ukiwa umejifunika ukungu nyuma yake.

"Ugonile, mwandishi! Umekonda. Iringa hawali?"

"Tunakula."

"Mbwa wameisha, nini?" Alicheka hadi akashika nguzo. Kwa Mnyakyusa, Mhehe, anayesingiziwa kula mbwa, ni mtani hata akija na msiba.

Mama yake alitupikia ndizi na maharage, zikiwa nzito na tamu, akanizuia kuacha hata moja. Asajile baharia alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkono, kofia ya melini kichwani ingawa tulikuwa mbali na bahari kama tulivyo mbali na mwezi.

Mbeya

Rekoda ilikuwa nzuri. Niseme hivyo kwanza, kwa haki yake. Ilikuwa na ngozi nyeusi, vitufe vya kung'aa kama meno, mahali pa kuweka mikanda miwili juu, na spika mbili ndani ya kreti moja ya mbao. Majirani waliitwa. Asajile alikuwa ameleta mkanda wa muziki kutoka hukohuko. Wangu ulibaki ndani ya mkebe, chini ya koti langu. Nilijiambia, wacha wacheze, kesho nitakuwa Mlandege.

"Kaka, umeme wake ni huu wetu?" Ambakisye aliuliza, plagi mkononi.

"Wewe vipi? Melini niliichomeka kila siku, miezi minne. Umeme ni umeme."

Ikachomekwa. Taa ndogo ya kijani iliwaka kwa nguvu, kwa nguvu mno, nadhani hata watoto waliona. Mkanda ulizunguka mara mbili. Kisha ukaja mvumo, kisha harufu kama ya pembe inayoungua, kisha moshi mwembamba uliopanda taratibu, ukafika darini, ukakaa huko. Mama yao alitoka na sufuria ambayo haikuwa na haja ya kutolewa.

Asubuhi tulikwenda kwa fundi redio nyuma ya soko. Aliifungua kwa bisibisi, akanusa ndani kabla ya kutazama.

"Huko ilikotoka, umeme wao ni nusu ya wetu. Transfoma imekufa." Akainua kitu cheusi kilichokunjamana. "Kupata nyingine kama hii, mdogo wangu, uirudie Yokohama."

"Basi ndiyo imekwisha?"

"Sijasema hivyo. Ina upande wa betri, sita za tochi kubwa. Huenda upande huo mzima, huenda umekufa nao. Niletee betri tujaribu."

Tulizunguka Mbeya nzima. Betri zilikuwa zimeadimika, kama sabuni, kama kila kitu mwaka ule. Mwenye duka mmoja alituambia tujaribu wiki ijayo kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto.

Asajile alinisindikiza hadi mahali malori yanapopakia. Alikuwa amevua kofia.

"Nilitaka kukuokolea hela," alisema.

"Najua, kaka."

"Kulikuwa na ile kubwa, ya umeme wa namna zote. Ilizidi bei kidogo. Nikasema, kwa nini atupe hela?" Aliniwekea kreti juu ya mifuko ya saruji kwa mikono yake mwenyewe, akaifunga kwa kamba mafundo ya kibaharia, mazuri kuliko yalivyohitajika.

Mbeya hadi karibu na Chimala

Dereva wa lori aliitwa Sanga, Mkinga wa makamo, mwenye meno machache na maneno mengi. Nilipanda mbele kando yake, mkebe mapajani. Nilimwamkia kwa kirefu kama tunavyofanya kwetu. Nikauliza habari za nyumbani, za kazi, za afya, za njia. Aliniacha nimalize.

"Ninyi Wahehe bwana," alisema. "Mtu wenu akianza salamu Makambako, anamaliza Iringa, na jambo lenyewe kalisahau. Sisi Wakinga tungefanya hivyo, nani angeuza duka?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu moshi ule. Lakini hapakuchukua muda, kabla hatujafika Chimala, mvuke ulitoka mbele ya lori. Sanga alisimamisha, akafungua boneti, akatikisa kichwa. Bomba la rejeta lilikuwa limepasuka kama tunda. Alisubiri gari la kumpeleka Chimala kutafuta jingine. Nikaambiwa nilinde mzigo.

"Saa ngapi utarudi?"

"Leo," alijibu, na lile ndilo jibu lote nililopata.

Jua lilisimama juu ya barabara. Treni ya reli mpya ilipiga honi mahali fulani upande wa mbali, ikaenda zake na watu wake wote. Nilikaa kwenye kivuli cha gurudumu. Nilifungua mkebe, nikautoa mkanda, nikautazama ule utepe wa kahawia, mwembamba kama ganda la kitunguu. Baba yangu yumo humu. Nilifikiri, nimeuza baiskeli, nimevuka nchi, na niko mbali naye kuliko nilipokuwa kitandani mwangu. Mwaka wa pili ule nilikuwa nikibeba swali moja: je, alinisamehe, au alinilaani? Na jibu lilikuwa mkononi mwangu, bubu.

Nyumbani kwa Masanja

Mwanamke mmoja alitoka upande wa tambarare, mrefu, mkavu, fimbo begani. Alisimama mbali kidogo akaniita.

"Wewe mutoto, jua inakuua. Kuja."

Nilisema nalinda saruji.

"Saruji haiibiwi na ng'ombe. Kutoka kwangu unaiona. Kuja na hiyo sanduku yako."

Ndivyo nilivyofika kwa Mayu Kabula, mayu ni mama kwa lugha yao, na mumewe, Mzee Masanja, Wasukuma waliohama kaskazini na mifugo yao wakaja kutafuta majani Usangu. Nyumba ya nyasi, boma kubwa la miiba, ndama wanalia. Hakuna mlima wowote karibu wa kuegemeza jicho. Nilipewa maziwa mgando kwenye kibuyu na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vimepikwa na karanga. Nilikula kama mtu aliyesahau kuwa ana tumbo.

Mzee Masanja alikuwa mtu wa maneno machache. Aliizunguka kreti.

"Hii ni nini?"

"Rekoda, mzee. Inahifadhi sauti ya mtu."

"Inaimba?"

"Imeungua. Labda kwa betri ingesema, lakini betri hakuna nchi nzima."

Alinitazama kama nimesema maji hayapo mtoni. Aliingia ndani, akatoka na tochi tatu ndefu. "Betri iko. Tunanunua nyingi Chimala, siku ya mnada, zinapokuwepo. Usiku fisi wanakuja kwa ndama. Hii ndiyo askari yangu." Alizifungua moja moja akazimwaga mkononi mwangu, betri sita, za moto kwa joto la nyumba. "Hizi ndiyo za mwisho. Kabla ya giza zirudi kwa tochi."

Nilipaswa kumwambia kwamba nataka kwenda nayo nyuma ya nyumba, peke yangu. Maneno yalifika mdomoni. Lakini unamwambiaje mtu aliyekupa macho yake ya usiku kwamba asisikilize?

Nikaweka betri. Nikaunganisha spika moja. Nikapitisha utepe kama nilivyomwona mchungaji akipitisha wa kwaya kule Igowole. Mayu Kabula alikaa chini, miguu imenyooka, kibuyu kando. Nikabonyeza.

Kukawa na mkwaruzo, na mbali, jogoo wa Igowole.

"Kamwene," baba alisema.

Sikujiandaa. Nilidhani nimejiandaa kwa miaka miwili. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka, na karibu zaidi.

Kisha akanyamaza. Spika ilitoa pumzi yake tu. Akasema tena, kwa lugha yetu, umeamkaje, mwanangu. Akanyamaza. Hapo wanaokuzunguka hawajambo? Akanyamaza. Kazi ya mikono yako inaendaje? Kimya, kirefu kuliko vyote. Na katika kila kimya nilimsikia akivuta pumzi, kama mtu anayekuelekezea sikio.

"Anasema nini?" Mayu Kabula alinong'ona.

"Anasalimu."

"Nani huyo?"

"Baba yangu."

Alipiga magoti palepale kwenye vumbi, akaielekea spika kwa heshima, kama mwanamke wa kwao anavyofanya mbele ya mzee. "Mwadila, baba," alisema. "Sisi wazima." Masanja akavua kofia, akaitikia naye. Sikuwaambia kuwa amekufa. Nilitaka dakika zile ziendelee, wakizungumza naye kama mgeni aliyefika mlangoni.

Kisha baba aligeuka, nilisikia kiti kikilia, akasema kwa Kiswahili, na sote tukaelewa:

"Mchungaji, mbona haitiki?"

Mchungaji alicheka kidogo. "Mzee, hayupo hapa. Wewe sema tu maneno yako. Yeye atasikia siku nyingine."

"Ya siku nyingine nitayasema siku nyingine. Leo aitike kwanza."

"Mzee, mkanda unakwisha."

"Ukwishe. Mimi siwezi kumpa mtu neno kabla hajanipokea salamu. Nitakuwa namfokea."

Nyayo zilisogea, mlango ukafungwa. Nafikiri mchungaji alitoka akamwachia mashine, kwa kukata tamaa au kwa adabu. Baba alibaki. Mtu tuliyekuwa hatusemezani naye aliketi mbele ya kile chombo, mgonjwa, akingoja nimwitikie. Jogoo aliwika tena. Mvua ilianza kudondoka juu ya bati letu. Alikohoa mara mbili, kikohozi ambacho sikuwepo kukisikia. Muda ukapita. Halafu, kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu asiyetaka kumharakisha mwingine:

"Nipo hapa tu."

Mayu Kabula alinigusa goti. "Muitike basi, mwanangu. Mzee anangoja."

Nilifungua mdomo. Sijui mtanisadiki au mtanicheka, mimi mtu wa kurasa mia tatu, sikupata neno.

"Nimwitikie nini, mama? Hanisikii."

"Wewe unajuaje nani anasikia? Salamu haikai hewani. Itaoza."

Nikasema, "Kamwene, baba." Nikasema nimeamka vizuri. Nikasema wanaonizunguka hawajambo, nikawataja, ninyi mmoja mmoja kwa majina, ndiyo, mbele ya ng'ombe wa Usangu. Nilipofika kwenye kazi ya mikono yangu, sauti ilikatika. Nilisema inaendelea, baba, polepole. Masanja alikuwa akitazama chini. Ndani ya spika mvua ilizidi, na baba alikuwa bado akipumua, hadi utepe ulipotoka na kupigapiga ukingoni, tap, tap, tap, nikausimamisha kwa kidole.

Basi ndivyo. Neno lenyewe hakulisema. Sitalijua. Alitumia mkanda mzima kunisalimu.

"Baba yako mtu mzima kweli," Masanja alisema. "Yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia. Hakushangaa, wala hakunilaumu. Alisema tu, "Basi alikuwa na deni na wewe ulikuwa na deni. Leo limeisha," akaanza kukusanya betri. Mayu Kabula alimshika mkono.

"Muache aitikie tena. Mara ya kwanza alilia, hakusema vizuri."

Tuliucheza mkanda mara ya pili. Safari hii niliitikia bila kukatika, na nilipomaliza jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye migongo ya ng'ombe. Nilitoa betri sita, nikazirudisha moja moja ndani ya tochi tatu kwa mikono yangu. Nilimulika kila tochi kujaribu. Zilikuwa zimefifia kidogo. Masanja aliziona, akazibeba ndani. Jambo hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko transfoma.

Chimala hadi Mlandege

Sanga alirudi na bomba na samaki wawili wa kukaanga. Alipofunga boneti aliniuliza kama nimechoka kungoja.

"Hapana," nilimwambia. "Kwetu tunajua kungoja."

Aliniamini, akaendelea kuwasema Wahehe hadi Makambako, nami nilimwitikia yote. Mafinga tulipita alfajiri. Sikugeuza uso. Niliitazama njia ya Igowole hadi miti ikaifunga.

Nimekwisha kuwatumia akina Masanja salamu kupitia dereva mmoja wa Chimala. Betri zikianza kuonekana madukani, za kwanza nitawapelekea wao. Za pili nitaziweka ndani ya rekoda, na hapo njooni wote, Jumamosi, na mlango uwe wazi. Hakutakuwa na muziki. Kutakuwa na mzee wa Igowole atakayewasalimu, na nitawafundisha jinsi ya kuitikia kwa lugha yetu, maana haendelei mpaka aitikiwe.